Kuku Aliyepewa Nafasi ya Kujitetea

"Kikao cha Dharura cha Kamati Ndogo ya Uchunguzi wa Vitendo vya Kudonoana na Kunyofoana Manyoya Miongoni mwa Kuku wa Mayai, Banda Namba Moja."

Hilo ndilo jina kamili, wapendwa, na lilisomwa lote huku watu wamesimama. Banda namba mbili halikuwepo. Lakini ukisema namba moja, hata mgeni anaona mna mipango.

Kulikuwa na usharika mmoja, mbali na hapa. Nasema mbali ili mtu asianze kujikuna mapema. Usharika ule ulikuwa na mradi wa kuku. Mayai yalikwenda kwa watoto wa chekechea na kwa wagonjwa. Kuku wenyewe walikuwa wapole, kinamama waliingia bandani na kanga zao za Jumapili. Walilishwa pumba za mahindi na dagaa waliotwangwa. Dagaa wale walinuka. Aliyewahi kukaa jirani na dagaa wa kuku hahitaji maelezo.

Siku moja ikaja habari kwamba mgeni rasmi atatembelea mradi. Kamati ikakaa. Mwenyekiti akasema, "Jamani, mgeni hawezi kuhutubia kwenye harufu hii. Dagaa wasimame kwa muda." Wakaunga mkono wote. Mgeni akaja, akahutubia, akala, akaondoka.

Je, dagaa walirudi? Thubutu! Walikuwa wamesimamishwa na kikao, na kilichosimamishwa na kikao hurudishwa na kikao, na kikao cha kurudisha dagaa hakuna aliyekiitisha. Hiyo "kwa muda" ya kamati mnaijua.

Haukupita muda mrefu kuku wakabadilika tabia. Wakawa wakali, wanaviziana, huyu anamfuata yule nyuma nyuma, anamnyofoa unyoya wa mgongoni na kuumeza. Migongo ikabaki uchi. Pakitoka tone la damu, banda zima linakimbilia hapo hapo. Mayai yakapungua. Mama aliyekuwa akiwalisha akamwendea katibu.

"Mama Katibu, kuku wanakulana."

"Kaanza yupi?"

Naomba mlisikie vizuri swali hilo. Hakuuliza, wanakula nini? Aliuliza, kaanza yupi?

Na ukitafuta aliyeanza, humkosi. Palikuwa na kuku mmoja mwekundu, kishungi kimemwangukia jicho moja kama kofia ya mlevi. Huyo alikutwa na unyoya wa mwenzake mdomoni. Ushahidi gani tena? Akaletwa kikaoni, kwapani mwa mhazini.

"Mtuhumiwa ana lolote la kujitetea?" akauliza mwenyekiti.

Watu wakaangua kicheko.

"Msicheke. Taratibu ni taratibu."

Kuku akanyoosha shingo, akadonoa karanga kwenye kisahani cha mwenyekiti. Akadonoa nyingine. Akaendelea mpaka kisahani kikaondolewa. Katibu akaandika: *Mtuhumiwa hakuonyesha kujuta, na aliingilia viburudisho vya kikao.*

Mzee mmoja akajaribu. "Mwenyekiti, kwa nini tusimtenge kwanza, tumtazame?"

"Mzee wangu, samaki mmoja akioza?"

"Wote wameoza," kikao kikaitikia, kwa sauti nzuri kuliko tunavyoitikia sisi zaburi.

Ikaamuliwa achinjwe. Na kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imefika, ikaamuliwa pia, bila mjadala mrefu, kwamba awe ndiye chakula.

Sasa mnajua firigisi ina mwenyewe. Huwezi kumchinja kuku, mkubwa yupo, ukala firigisi wewe. Mama Katibu akaipasua aisafishe kwa ajili ya mwenyekiti, halafu akaweka kisu chini.

"Mwenyekiti, hebu njoo jikoni."

"Kuna nini tena? Ioshe tu, mama."

"Njoo uone mwenyewe, baba."

Ndani ya firigisi mlikuwa na pumba kidogo. Mlikuwa na manyoya, yamesokotana kama utambi wa taa. Na juu yake karanga za mwenyekiti, bado nzima.

Mwenyekiti akatazama. Akasema polepole, "Hawa mara ya mwisho wamekula dagaa lini?"

"Kabla ya mgeni rasmi. Ulisema wasimame."

"Nilisema kwa muda!"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Muda wenyewe haujaisha."

Na kule bandani, wakati huo huo, kuku mwingine alikuwa ameshamshika mwenzake mgongo. Aliyeanza ameshachinjwa, na jambo linaendelea.

Dagaa walirudi jioni ile ile, bila kikao. Taratibu manyoya yakaota, na ukali ukapoa wenyewe, bila onyo la maandishi.

Haya. Mmecheka vya kutosha, sasa turudi kwetu. Baada ya ibada tuna kikao, na jina lake refu mmelisoma pale mlangoni. Tunakwenda kuamua kama mama mmoja atolewe kwenye kwaya. Leo hayupo, tumemwambia akae nyumbani mpaka tuamue. Kosa lake ni ulimi. Amemdonoa mwalimu wa kwaya, amewadonoa wenzake wa sauti ya pili, na mimi mchungaji wenu amenidonoa, tena alilenga vizuri. Sikatai hata moja.

Lakini mumewe tulimzika mvua zilipoanza. Tulikwenda wote. Tulikula wali wake siku zote za matanga, masufuria yakarudi meupe. Tukamshika mkono, "Pole mama, tutakuja." Nani alikwenda? Nawauliza, nani? Zamu za kuwatembelea wafiwa tulizisimamisha ili kupisha maandalizi ya ugeni. Tulisema kwa muda.

Mtu atasimama leo aulize nani alianza ugomvi. Atajibiwa kwamba ni yeye, na jibu litakuwa la kweli. Hata yule mwekundu unyoya alikuwa nao mdomoni. Ila kabla hamjanyoosha mikono, mimi nitauliza: tangu msiba, sisi tumemlisha nini? Asiye na jibu asipige kura. Tuchukue vikapu, twende kwake kwanza. Ajenda itatusubiri, ajenda haili.

Muhtasari wa kamati ile ulifungwa kwa maneno mazuri: *Suala limehitimishwa kwa mujibu wa taratibu.*

Kilichotokea ni kwamba kuku alikuwa na njaa, nao wakamla.