Fundi Aliyekwenda Likizo na Kisu

Fundi mmoja wa miche, jina lake Senzighe, alikuwa na kisu kidogo cha kukunja. Aliishi Muheza, kwenye machungwa, na kazi yake ilikuwa kubebesha: kuchukua jicho la mchungwa mtamu na kulipachika kwenye shina la mlimau mchachu, vikaota vikawa mti mmoja. Kisu hicho hakikupata kukata kitunguu wala kamba. Kilinolewa kila asubuhi, kikakaa katika mfuko wa kulia wa suruali, na mfuko huo ulikuwa umetoboka na kushonwa mara nyingi kuliko soksi za mtoto wa shule. Msidhani nataka kumsema vibaya. Alikuwa mtu mwema, mwenye mkono mwepesi, na wanaokula machungwa yake hadi leo watanitolea ushahidi.

Kwa wanafunzi wake alikuwa mkali katika jambo moja tu. Aliwaambia kwamba kisu hakiungi mti. Kisu kinakata, basi. Ukishakata unapachika jicho, unalizungushia utepe wa nailoni ukalikaza, halafu unaondoka. Mwanafunzi aliyefungua utepe kabla ya siku zake, eti achungulie kama jicho limeshika, alirudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Mkewe aliitwa Nakijwa. Walikuwa wamelea watoto watano, na wa mwisho alikuwa ameolewa mwaka huo. Nyumba ikawa kimya. Ndipo Nakijwa alipotambua kwamba yeye na mumewe, baada ya miaka thelathini na mmoja, hawakuwa na la kuzungumza ila kama chumvi ipo na kama mbwa amefungwa. Hawakugombana. Heri wangegombana, kwa maana wanaogombana angalau hutazamana. Akaanza kuogopa kwamba watazeeka hivyo hivyo, kama wapangaji wawili chini ya bati moja, na hofu hiyo ilimuuma kuliko goti lake bovu.

Basi akaomba kitu kimoja. Aliomba siku saba za likizo katika milima ya Usambara. Huko juu kuna jabali, ukisimama ukingoni unaliona bonde lote la chini, na ndani ya bonde hilo kuna shamba la mkonge alikozaliwa Nakijwa. Katika kambi ya shamba hilo Senzighe, akiwa kijana, aliingia siku moja kuuza miche, akatoka bila kuuza hata mmoja lakini amepata mchumba. Nakijwa alitaka wasimame pale juu wawili, amwonyeshe kwa kidole ilipokuwa nyumba ya baba yake. Hakutaka zaidi ya hapo. Senzighe akakubali kwa moyo wote, akanyoa ndevu, akanunua kofia.

Asubuhi ya safari Nakijwa alikiona kisu kikiingia mfukoni.

"Baba Elinami, hicho cha nini?"

"Cha kumenyea machungwa njiani, mama."

Na kweli, ndani ya basi alimenya machungwa mawili, kwa ustadi mkubwa, ganda lisikatike. Lakini walikokwenda hakuna machungwa. Kuna plamu, na plamu hazimenywi.

Walifikia kwa mzee mmoja aitwaye Kaniki, mstaafu wa posta, aliyekuwa na chumba cha wageni na miti ya matunda nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza, baada ya chai, Senzighe alizunguka ua akiwa ameifunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akaona mti wa pichisi wenye tawi kavu. Mikono ikafunguka. Alikata tawi moja tu, na moja likazaa la pili, na jua lilipozama mti ule ulikuwa umenyolewa vizuri kuliko yeye mwenyewe. Mzee Kaniki akafurahi sana, akamsifu mbele ya jirani. Huko ndiko kulikoharibika, kwa sababu jirani naye alikuwa na miti.

Sasa elewa jinsi milima ile ilivyo. Asubuhi bonde hufunikwa na ukungu mpaka saa nne. Alasiri mawingu hupanda na mvua hunyesha. Saa za kuona ni zile za katikati, chache, na ni saa zizo hizo ambazo watu walikuwa wakimletea Senzighe miche. Siku ya pili alibebesha plamu za jirani. Siku ya tatu walikuja watu sita. Nakijwa alivaa viatu, akasimama mlangoni, akamtazama.

"Kesho, mama Elinami," alisema, na kisu kiko mkononi.

Hakumdanganya. Kila siku aliliamini neno hilo alipokuwa akilisema. Siku ya nne akasema kesho. Siku ya tano Nakijwa alipanda jabali peke yake na goti lake, akaliona bonde lote, jeupe kwa jua, akaiona na kambi. Akakinyoosha kidole, kisha akakirudisha, kwa sababu hakukuwa na wa kumwonyesha. Aliporudi mumewe alimwuliza kama palikuwa pazuri. Akajibu palikuwa pazuri. Usiku huo waliongea habari za chumvi.

Siku ya sita kilikuja kikundi kutoka kilima cha pili, wamejitwika miche vichwani, na wengine wamemletea fundi kuku. Senzighe alifanya kazi mpaka vidole vikamfa ganzi. Alikuwa na furaha ya mtu anayehitajiwa, na hiyo ni furaha tamu, mimi mwenyewe naijua. Lakini niambieni, katika kundi lile lote, ni nani aliyekuwa akimhitaji zaidi?

Ikafika siku ya saba. Basi lilikuwa la saa saba mchana. Tangu alfajiri palikuwa na watu kumi na wawili uani, na Senzighe ameketi kwenye kigoda, ukungu umewafunika magoti wote. Nakijwa akatoka. Amevaa viatu, amejifunga khanga kiunoni. Hakuwa amenuna. Alipita katikati ya watu akiwaamkia mmoja mmoja, akachuchumaa mbele ya mumewe kwa shida, akaushika ule mche aliokuwa ameushika, mkono wake juu ya mkono wa mumewe.

"Baba Elinami," akasema, "wewe ndiye uliyesema kisu hakiungi. Kinachounga ni kufungwa pamoja na kuachwa kimya. Sisi umeshatukata vya kutosha. Utatufunga lini?"

 Kisha mama mmoja aliyekuwa amejitwika mche wa peasi akasema polepole, "Hapo fundi umepatikana." Wakacheka wote, na Senzighe akacheka, halafu akaacha kucheka, maana neno lilikuwa limeingia mahali pake. Akamtazama mkewe. Akaona kwamba amekata nywele. Alikuwa amezikata kabla ya safari, siku nane zilizopita, na watu wote wa Muheza walikuwa wameziona.

Akakikunja kisu. Kilikuwa kigumu kukunjika, kwa kuwa kilikuwa kimezoea kukaa wazi. Akakiweka juu ya jiwe mbele ya Mzee Kaniki, aliyekuwa amemtazama akifanya kazi siku sita mfululizo.

"Mzee wangu, umeona nifanyavyo. Hiyo iliyobaki fanya wewe."

"Nikiharibu?" akauliza mzee wa posta.

"Utaharibu. Hata mimi niliharibu."

Na mzee aliharibu, miche mitatu. Tisa ilishika, na mpaka leo kilima kile kina fundi wake. Senzighe alikuwa amedhani kwamba akiondoka kwenye kile kigoda miti ya Usambara itakosa baba.

Wakapanda jabali. Alimshika mkono mkewe kwenye mawe, wakapumzika mara tatu kwa ajili ya goti. Walipofika juu hakukuwa na bonde. Kulikuwa na ukungu, mweupe, mzito, kuanzia miguuni pao hadi mwisho wa dunia. Senzighe akaona aibu kubwa. Siku sita za jua alikuwa amezitupa, akamleta mkewe siku ya ukungu. Akavua kofia ili amwombe msamaha.

Nakijwa akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu cha upande wa goti baya, akanyoosha kidole ndani ya weupe ule. "Nyumba ya baba ile pale," akasema. "Kushoto kwake mtambo wa mkonge. Na wewe unatokea njia ile, umebeba miche yako, na suruali imekupwaya." Senzighe akatazama kidole kilikoelekea. Akasema suruali ile haikuwa yake, aliazima kwa binamu, na miaka thelathini na mmoja hakuwa amemwambia mtu. Nakijwa akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema naye kwamba siku ile yeye ndiye aliyemwambia baba yake kuwa miche ile ni mibovu, ili baba asinunue na kijana arudi tena wiki inayofuata.  Senzighe akadai kwamba miche ile haikuwa mibovu, wakabishana hapo kwa raha, bega kwa bega, na basi la saa saba likaondoka bila wao.

Nimewauliza wote wawili habari hii, kila mmoja kwa wakati wake. Niliuliza kama ukungu uliondoka. Fundi alisema anadhani uliondoka. Mkewe alisema hakumbuki, ila anakumbuka kwamba waliteremka jioni wakiwa wamelowa, na Mzee Kaniki akawawekea wali wa kuku, mmoja wa wale wa siku ya sita.

Sasa ninyi mliokaa hapa, wauguzi na wachungaji na mama wa maduka, na mimi ninayewahubiria siku za Jumamosi huku sipo nyumbani kwangu, habari hii ni yetu. Ningewaletea mfano wa mlevi mngesikiliza mkimfikiria jirani. Ndiyo maana nimewaletea mtu mwema, mwenye kazi njema, ambaye hakumkosea mkewe kwa jambo lolote ila hilo la kutokuwapo. Wewe unayesema kwamba yote unayoyafanya unawafanyia watu wa nyumbani kwako, hao watu wa nyumbani wanakupata siku gani?