Neno Moja kwa Asubuhi Nzima

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, na walio nyuma wasikie.

Hapo kale sana, katika kijiji cha vilimani, aliishi mzee Hezroni. Kanisa lilikuwa moja, Kitabu kilikuwa kimoja, na aliyejua kusoma alikuwa yeye peke yake. Miaka arobaini alisoma, wenzake wakasikiliza. Akifungua, wanaketi. Akifunga, wanakwenda zao.

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Ukungu ukawa giza. Jumapili ya kwanza alikifungua Kitabu, asione hata herufi. Watu wakangoja, wakangoja, wakaondoka mmoja mmoja. Jumapili ya pili wakaja wachache. Ya tatu hakuja mtu.

Hezroni hakuacha kwenda. Kila Jumapili fimbo yake ilisikika njiani: ko! ko! ko! Alipapasa mlango, akapapasa benchi, akakipakata Kitabu. Mkewe alikwisha kufa, watoto walihamia mbali. Alijaribu kuyasema aliyoyakumbuka. Sauti ikagonga ukuta, ikamrudia. Akawaza, "Labda hata Mungu amehama."

Jumapili moja akasikia kwato: kwatu, kwatu, kwatu! Mbuzi kaingia kanisani, na nyuma yake mwanamke anahema.

"Shikamoo, babu. Nisamehe, nimemfuata mbuzi wangu."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Kalunde, mfinyanzi."

Mzee akainamisha kichwa. Zamani Kalunde alimwomba amfundishe kusoma, naye akamjibu, "Wewe sikiliza tu, inatosha."

"Mwanangu," akasema, "nilikukosea. Niliipenda mno sauti yangu. Sasa chakula kimo mapajani, nami nakufa njaa. Nisomee."

"Babu, sijui hata herufi moja!"

"Niambie unachokiona. Mimi nitakuambia kinavyotamkwa."

Kalunde akapiga magoti, akaweka kidole mahali Kitabu kilipofunguka.

"Ya kwanza ni kama chungu kisicho na kifuniko."

"Hiyo ni u."

"Ya pili imejipinda kama nyoka."

"Hiyo ni s."

"Kijiti, na tone juu yake."

"I. Endelea, mwanangu."

Wakaendelea. Kalunde anaeleza, mzee anatamka, mbuzi anatafuna nyasi mlangoni. Jua lilifika utosini ndipo neno likatimia: Usiogope.

Mzee akalia kwa sauti. Neno hilo alikwisha kuwasomea watu mara nyingi. Yeye hakuwahi kusomewa.

Jumapili iliyofuata Kalunde alikuja na jirani yake, wakajifunza herufi vivyo hivyo. Kisha wakawa watano. Mvua zilipokwisha, benchi zilijaa. Huyu anasoma, yule anauliza, mwingine anabisha, "Hebu rudia hapo!" Watu waliokuwa wakisikiliza na kusahau wakaanza kusali kwa maneno yao wenyewe. Wagombanao wakasameheana.

Hezroni aliketi nyuma, anasikiliza. Macho hayakurudi, na nyumbani upweke ulimngoja vilevile.

Alipougua, kanisa zima lilimfuata. Walikizunguka kitanda, wakapokezana Kitabu, huyu mstari mmoja, yule mwingine. Alikata roho wakiwa wanasoma. Hakuna aliyenyamaza. Waliumaliza ukurasa.

Basi shikeni hili: Neno la Mungu msimwachie mmoja awasomee. Lisomeni pamoja, anayekwama mkwamueni, na imani yenu itakua.

Ngano yangu naitua hapa.