Nakijwa na Zamu ya Kwanza ya Maji

Wekeni kalamu chini. Hadithi hii hainakiliwi. Husikilizwa kwanza, halafu huamuliwa, na wa kuamua ni ninyi mliokaa kwenye madawati.

Kulikuwa na kijiji upande wa juu wa Milima ya Upare, msihangaike kukitafuta kwenye ramani, ambako watu wote walikula kutokana na ndiva moja. Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono. Maji ya kijito hujikusanya humo, kisha asubuhi kizibo hutolewa, maji yakashuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Leo wewe, kesho mwenzako. Anayetoa kizibo ni mtu mmoja tu, na kijijini hapo alikuwa mjane aitwaye Nakijwa, aliyeishi na binti yake wa pekee, Nambike, msichana wa rika lenu.

Kizibo kilikuwa ndani ya shamba la juu la Nakijwa, kipande cha tangawizi ambacho marehemu mumewe alikijengea kuta za mawe kwa miaka kumi na moja. Pembe ya kuitia watu nayo ilitundikwa kwake. Ikilia, kila aliyeisikia aliacha alichoshika akaja, iwe ni msaragambo wa kuzoa tope la ndiva, kazi ya kijiji kizima, au iwe ni hatari. Kipaji cha Nakijwa kilikuwa haki. Alipima kina cha maji kwa kijiti, na hakuwahi kumpunja mtu hata upana wa kidole.

Majirani zake watatu walikuwa na vipaji vilivyosifiwa zaidi. Mzee Eliamini alijaliwa maneno. Aliwahi kuwapatanisha ndugu wawili walioshikiana mapanga, wakala naye chakula cha mchana siku hiyohiyo. Zawadieli alijaliwa mikono ya kujenga. Ukuta wa shamba lake ulikuwa mrefu kuliko yote, na siku ya msiba wa mume wa Nakijwa aliapa mbele ya wazee kwamba atakayemgusa mjane huyo amemgusa yeye. Kiangi, aliyekaa ng'ambo ya korongo, alijaliwa nguvu: ng'ombe zizi tele, ghala lisilokauka mahindi, na vijana saba wenye mabega mapana.

Na alikuwepo Mrutu.

Miaka mingi nyuma Mrutu alitaka kuipora ndiva. Watu waliumizana msimu mzima, mpaka Kiangi alipovuka korongo na watu wake, ndipo Mrutu akashindwa. Wakamtoza mbuzi mpaka zizi likabaki majani. Wakamkataza kufuga mbwa zaidi ya wawili, maana mbwa ndio waliokuwa jeshi lake, na wakamkataza kumfunga mbwa yeyote karibu na ukuta wa Zawadieli. Kiangi ndiye aliyependekeza lianzishwe baraza la kulinda ndiva. Wote wakasema amenena vyema. Baraza lilipokaa mara ya kwanza, kiti cha Kiangi kilikuwa kitupu, na kikabaki kitupu miaka yote iliyofuata. Mwenye wazo alikuwa amerudi kwake kufuga.

Mrutu alikaa na chuki yake kama mtu anayelea mtoto. Baada ya muda mbwa wakawa watano, halafu kumi na wawili. Nakijwa aliwasikia kutoka shambani kwake, akaenda kwa Mzee Eliamini.

"Mzee, mbwa wale si wawili tena."

"Najua, dada Nakijwa. Lakini tuseme kweli, tulimbana mno yule. Mtu aliyenyang'anywa mbuzi wote ataacha kununa? Akishapata heshima yake kidogo, atatulia."

Maneno hayo hayakuwa ya kipumbavu. Adhabu ilikuwa imezidi, na Eliamini alikuwa amezika wengi katika ugomvi ule wa kwanza, hakutaka kuzika tena. Nakijwa aliondoka akiwa nusu ameshawishika, na baadaye alijichukia kwa nusu hiyo.

Siku moja Mrutu akawafunga mbwa wake chini kabisa ya ukuta wa Zawadieli, pale alipokatazwa, mchana kweupe. Siku hiyo mbwa wenyewe walikuwa wakondefu, na watu watatu wenye fimbo wangewarudisha. Zawadieli alichungulia, akamtazama Eliamini amwambie la kufanya. Eliamini akasema pale ni uani kwa Mrutu mwenyewe. Zawadieli akaongeza safu ya mawe juu ya ukuta wake, akaona amejibu.

Nakijwa alivuka korongo kwa miguu, saa mbili za kuteremka na kupanda, akamkuta Kiangi akikagua ng'ombe.

"Mama, pole na njia," Kiangi alisema. "Lakini korongo hili nilishalivuka mara moja kwa ajili yenu. Nilikuwa na vijana wanane. Wa nane yuko kaburini upande wenu. Mambo ya huko ni ya huko."

"Pumba wanazokula mbwa wa Mrutu zinatoka ghalani kwako, baba."

"Nauza kwa yeyote anayekuja. Nikianza kuchagua wanunuzi, nimeshaingia ugomvi."

Nakijwa aliagana na baba huyo aliyezika mtoto, akashika njia. Alirudi nyumbani na miguu ikimuuma, na moyo ukimuuma zaidi.

Kisha Mrutu akaibuka na madai. Wakwe zake walikuwa wakiishi pembeni mwa shamba la juu la Nakijwa, miaka mingi, bila shida. Sasa akadai wanateswa. Akataka shamba la juu lote liwe lake, la sivyo mbwa wataachiwa. Eliamini akaita kikao nyumbani kwake, saa sita mchana. Mrutu akaingia, Zawadieli akaingia. Nakijwa alipofika mlangoni, Eliamini alimshika bega kwa upole.

"Wewe subiri hapo nje, dada. Ukiwepo, ataudhika, na mimi nataka nimlainishe."

Akakaa kwenye benchi karibu na jiko. Wakamletea chai. Alisikia sauti za wanaume, akasikia jina lake likitajwa, hata kicheko akakisikia. Shamba lililojadiliwa lilikuwa na alama za vidole vya mumewe kwenye kila jiwe, na yeye alikuwa nje na kikombe. Eliamini alipotoka, uso wake uling'aa.

"Tumepona. Anachukua shamba la juu peke yake, na ameapa hatadai kingine tena."

"Kizibo kimo humo, mzee. Na kuta ndizo zinazozuia mtu kuingia kwangu."

"Atakuwa anakuzibulia. Ameapa."

Nakijwa alimgeukia Zawadieli, aliyetoka nyuma ya Eliamini. "Shemeji, uliapa na wewe."

Zawadieli alikuwa akitazama viatu vyake. "Peke yangu siwezi, shemeji. Eliamini akikataa, mimi ni nani?"

"Na pembe usiipulize," Eliamini aliongeza. "Ukiipuliza leo, damu itakayomwagika iko juu yako."

Alipofika nyumbani, Nambike alikuwa ameshaitungua pembe. "Mama, ipulize. Wengine watakuja, hata kama hawa hawaji." Nakijwa akaiweka mdomoni. Kule chini aliwaona wanakijiji wakitoka mashambani, wakimshangilia Eliamini njiani, wanawake wakipiga vigelegele kwa sababu hakutakuwa na vita. Dada yake wa tumbo moja alikuwemo. Angewaita hao waje kufa kwa ajili ya kipande cha tangawizi? Akaishusha pembe bila kuipuliza, na Nambike akaondoka mbele yake.

Hapa mwaweza kuzishika kalamu kidogo. Septemba 1938, wakuu wa mataifa manne walikaa Munich wakakimega kipande cha Chekoslovakia, na wajumbe wa Chekoslovakia hawakuwamo chumbani. Kipande hicho ndicho kilichokuwa na milima na ngome zake. Huko ng'ambo ya bahari Marekani ilikuwa na sheria za kujitenga na vita vya wengine, na Shirikisho la Mataifa, ambalo rais wake mwenyewe alilipigania, haikujiunga nalo. Mtihani utawataka mtoe hoja sita. Mtazitoa, mtapata alama zenu. Sasa rudisheni kalamu chini.

Hata miezi sita haikupita. Mrutu aliteremka kutoka shamba la juu, ambako hapakuwa tena na ukuta wa kumzuia, akachukua nyumba ya Nakijwa na shamba la chini. Nambike alisimama mlangoni na jembe. Mbwa hawakuchukua muda. Watu walimzika mchana uleule, na Eliamini alipokuja kutoa pole, Nakijwa alimtazama mpaka akasahau alichotaka kusema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maneno kumkauka mzee yule.

Baada ya hapo yote yalikwenda haraka. Mwenye kizibo ndiye mwenye kijiji. Mrutu alipotaka shamba la mtu mwingine, Eliamini alikataa, kwa kuchelewa lakini alikataa kweli. Ukuta wa Zawadieli ulikuwa imara kabisa upande unaotazama nyumba ya Mrutu. Mbwa walipitia msituni, upande usio na ukuta, na ndani ya siku chache Zawadieli alikuwa mtumwa katika nyumba yake mwenyewe. Kiangi aliendelea kufuga, mpaka asubuhi moja ng'ombe wake walipokutwa wametapanywa na kuraruliwa na mbwa kwenye kivuko cha korongo.

Ilichukua miaka miwili mizima kumwondoa Mrutu. Eliamini alishikilia shamba lake peke yake kiangazi kizima, paa likiungua juu ya kichwa chake, na kama angesalimu amri kusingebaki mahali pa mtu kurudia. Zawadieli, akipigwa na kutumikishwa, alibomoa ukuta wake mwenyewe kidogo kidogo kwa ndani, jiwe baada ya jiwe, mpaka wenzake walipopata pa kuingilia pasipo na mbwa, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vikabaki humo. Kiangi alivuka korongo na vijana saba, akarudi na wanne. Bila yeye, wale wawili wangekuwa wanapigana mpaka leo. Mtoe mmoja wao yeyote, Mrutu bado yuko.

Ndiva ilikuwa imepasuka. Wakaifanyia msaragambo mwezi mzima, wakaijaza. Na desturi ya pale ni hii: ndiva ikijengwa upya, maji ya kwanza, yenye rutuba ya tope jipya, huenda kwa aliyeiokoa. Mtunza kizibo humtaja bila kusema neno. Hutoa kizibo, akatembea mbele ya maji ndani ya mfereji mpaka shambani kwa huyo mtu, kijiji kikimfuata. Ni heshima ambayo wajukuu huitaja. Mwenyewe mtunza kizibo haruhusiwi kujipa. Na asipotembea, maji hayaruhusiwi kushuka, na wakati wa kupanda ulikuwa umeshafika.

Asubuhi hiyo watu wote walikusanyika juu. Nakijwa alisimama kwenye kizibo, kwenye shamba lake lililorudishwa bila jiwe hata moja juu ya jingine.

Eliamini alikuwa wa kwanza kusema. "Nilikosea, dada. Sikatai. Lakini wote walipokuwa wameanguka au wamekaa, nani alikuwa amesimama?"

"Mimi niliivunja nyumba yangu kwa mkono huu," Zawadieli alisema, akiuinua. "Kiapo changu nilikilipa, shemeji, hata kama nimekilipa vibaya."

Kiangi aliongea akitazama upande wa korongo. "Nimezika wanne sasa kwenye udongo wenu. Sina zaidi ya hapo."

Mama mmoja mzee, dada wa marehemu mume wa Nakijwa, alimnong'oneza wifi yake: "Usimpe yeyote. Hawa wamezima moto waliouwasha. Acha maji yakae humo yaoze." Lakini nyuma ya yule mama walikuwa wamesimama watoto waliokula mizizi miaka miwili, na mashamba yao yalikuwa makavu.

Nakijwa aliwatazama wanaume watatu, mmoja mmoja. Aliwashukuru, kweli aliwashukuru. Akawaza kwamba yupo mtu wa nne, aliyekuwa na pembe mdomoni akaishusha, na mtu huyo ndiye anayetakiwa leo kupima haki. Akainama, akashika kizibo kwa mikono miwili, akakitoa. Maji yakaanza kumpanda miguuni, ya baridi, yenye tope.

Mbele yake mfereji unagawanyika mara tatu. Kushoto ni kwa Eliamini, katikati ni kwa Zawadieli, kulia ni kwa Kiangi, ambaye wamemkatia shamba upande huu wa korongo. Kijiji kizima kinamtazama miguu. Maji ya kwanza hayagawanywi, kwa hiyo jibu la "wote sawa" halipokelewi hapa, wala la "wote wabaya". Anaweza pia kukirudisha kizibo mahali pake, na watoto wale wasubiri msimu mwingine.

Haya, wewe wa dawati la nyuma unayejua yote, na wewe uliyekuwa unafuta machozi ukidhani hatukuoni: mama wa Nambike amesimama ndani ya maji, na yanapanda. Ungekuwa wewe, mguu wako ungeelekea shamba la nani?