Mgomba wa Bibi Subilaga

Sogezeni viti, nina kisa. Kinachonichoma ni kwamba nami nimo ndani yake, na leo sitajificha.

Redio yetu ndogo ya milimani hutangaza salamu na vifo zaidi ya kitu kingine chochote. Programu ya zamani kwenye kompyuta ilikuwa na maswali mengi mno. Ilikuuliza hili, ikakuuliza lile, hata siku moja tangazo likachelewa, mzee wa watu akazikwa wanawe hawajalisikia. Meneja akaita mafundi watatu watutengenezee mpya. Sekela alijua kufupisha kazi. Ambakisye alikuwa na jicho la usafi. Tumpale, yeye aliujua mkono wa mtu na uchovu wake.

Sekela alikaa nami, mtangazaji, asubuhi nzima akihesabu. "Baba, unabonyeza mara saba kwa tangazo moja!" Akaondoa maswali yote, mpaka lile la mwisho, "Una uhakika?" Kabla ya kulifuta aliniuliza kama huwa nalisoma. Nikamwambia ukweli: silisomi, nabonyeza tu "ndiyo".

Ambakisye aliitazama skrini, akaguna. "Maneno yamebanana humu." Akafuta maandishi kwenye vitufe, akaweka picha ndogo. Salamu ikapewa ua, kifo kikapewa shada la maua. Kila aliyeiona aliisifu, mimi wa kwanza.

Tumpale aliniona nikijikanda kifundo cha mkono. "Pole, baba. Mkono usihangaike kwenda mbali." Akavileta vitufe hivyo viwili karibu, bega kwa bega. Maumivu yakaisha ndani ya wiki moja.

Miezi mitano hakuna aliyekosa mazishi ya mtu wake. Tulishukuriwa hadi kanisani.

Ndipo Bibi Subilaga akaleta salamu kwa ndugu zake. Asubuhi nilikuwa na majina thelathini ya kupanga. Nilipofika kwenye jina lake nikabonyeza ua, au nilidhani ni ua. Mchana kompyuta, ambayo hutunga yenyewe tangazo la kawaida kulingana na kitufe kilichobonyezwa, ikaniletea maneno, nami nikayasoma kwa ile sauti ya huzuni ninayojivunia: Bibi Subilaga ametutoka, mazishi kesho nyumbani kwake. Sikushtuka hata kidogo. Kwangu lilikuwa jina tu, na hilo naona aibu kulisema mbele yenu.

Bibi alikuwa kwa bintiye, huko ambako simu hazishiki. Dada yake alisafiri siku nzima akilia. Vijana wakachimba kaburi nyuma ya nyumba, wakiamini mwili uko njiani. Kesho yake marehemu akaja kwa miguu yake, kapu la viazi kichwani, akakuta watu wanamlilia. Dada yake akazimia.

Kwetu kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Huzikwa mgomba ndani yake. Aliyekosa ndiye huubeba begani, akaulaza shimoni mbele ya watu, akasema, "Nilikuzika ungali hai, nisamehe." Halisahauliki hilo, hata wajukuu zake wataitwa wa mbeba mgomba. Na mpaka lifanyike, mwenye nyumba halali kwake.

Tulikwenda wote wanne, vichwa chini. Tukakata mgomba, tukaushika pamoja. Bibi akainua mkono.

"Wekeni chini. Mkiubeba wanne, hakuna aliyeubeba. Nataka mmoja."

Tukauweka. Sekela akasema huku machozi yanamtoka, "Swali nililolifuta lingekuokoa, Bibi. Lakini hakuna aliyekuwa akilisoma."

"Picha zangu zilifanana," akasema Ambakisye, "ila zingekaa mbali kidogo zisingemchanganya mtu."

Tumpale hakuinua macho. "Nilivisogeza vitufe karibu kwa sababu baba aliumwa mkono. Vingekuwa na maneno, angeona."

Dada yake Bibi akanigeukia. "Mimi hao siwajui. Niliyemsikia ni wewe."

Na mimi, Mungu anisamehe, niliomba kimoyomoyo achaguliwe mmoja wao.

Bibi akatutazama mmoja mmoja. Jua lilikuwa linazama na mlango wake bado umefungwa. "Haya," akasema, "nani?"

Basi nawauliza ninyi, maana mimi siwezi kujihukumu. Mgomba uko chini, na Bibi amesimama anangoja kuingia kwake. Je, wewe ungemwita nani auinue?