Kiingilio cha Banda la Chui

Wenye masikio mpo?
Tupo!
Na midomo?
Tumeifunga!
Na yule aliyenuna kule nyuma?
Ananuna huku anasikiliza!

Haya. Nisikatizwe. Akikohoa mtu naanza upya.

Palikuwa na Chui, na Chui alikuwa na banda la picha ukingoni mwa korongo. Mbele ya mabenchi shuka jeupe, nyuma ya shuka korongo tupu. Picha zenyewe za wanyama wa nyota za mbali, ambao kwetu hapa hawapo. Yupo anayetembea kwa masikio. Yupo anayekunywa jua akanenepa. Yupo ambaye watoto humchomozea mgongoni kama uyoga.

Lugha ya picha aliielewa Komba peke yake, kamnyama kadogo, macho kama vifuniko vya soda. Alisimama kando ya shuka akitafsiri.

"Jamani, huyu anapumulia magoti! Mkimwona anakimbia, anavuta pumzi!"

Mashine ngurrr, wanyama wa msitu kicheko kwa kwa kwa! Picha ikiisha, Chui mlangoni.

"Kiingilio changu!"

Kwap! Mmoja kaliwa. Kesho mashine ngurrr, wanyama kwa kwa kwa, Chui kwap! Alianza na vifaranga wa Mama Kanga, akaja kwa mume wa Digidigi. Na bado walirudi. Usiniulize kwa nini. Wewe ungeambiwa kesho kuna mnyama mwenye mioyo saba, anamwazima jirani mgonjwa moyo mmoja, ungebaki nyumbani? Usinidanganye.

Siku moja Chui akamwita Komba kabla ya picha.

"Binti yako amenona."

"Chausiku? Bwana mkubwa, mifupa mitupu yule."

"Mifupa natafuna. Leo picha ikiisha, yeye."

Komba alikuwa na huyo mmoja tu. Hakulia. Alichukua kamba za shuka akazifunga kwenye mashine, akakaza.

Mashine ngurrr. Shukani akatokea mnyama aitwaye Tepwe, mkubwa kama kilima, mlaini, hana mfupa.

"Jamani, huyu ni mafuta mwili mzima! Ukimng'ata asubuhi, jioni pameota nyama mpya!"

Chui akasogea. "Komba, hana meno?"

"Hana, bwana mkubwa."

"Mbio je?"

"Hajawahi kuzisikia."

Na hakusema uongo! Kila neno ndivyo picha ilivyosema. Mimi mtu mwongo simpendi, nisingemsimulia.

"Nikimtaka?"

"Mimi kazi yangu kutafsiri. Banda lako, shuka lako, mnyama wako."

Chui akaruka. Vuup! Shuka likamvaa, akapita nalo, kamba ikavuta mashine. Kurukuru, kurukuru, puu! Chui chini ya korongo, mashine juu yake.

Mwanga wa mchana ukaingia bandani. Tepwe hayupo. Mwenye mioyo saba hayupo. Zimebaki nguzo mbili za shuka.

Komba akamkumbatia binti yake. Kukwea korongo Chui alijua. Bila kitu kizito cha kumlalia angerudi, na kizito pale kilikuwa mashine tu. Wanyama wale wa mbali hakuna aliyewapenda kama Komba. Na mkono uliokaza kamba ulikuwa wake.

Kesho yake wanyama walikuja, wakakaa kwenye mabenchi, wakatazama nguzo. Mama Kanga, yule yule wa vifaranga, ndiye aliyeanza.

"Kwani angekula mmoja mmoja, tungeisha lini?"

"Ndiyo hapo, shoga," akajibu Digidigi mjane. "Wa kwetu waliwe, wa Komba asiliwe? Mtoto wake kaumbwa kwa dhahabu?"

Chausiku alisikia. Akashuka begani kwa baba yake, akaenda kukaa mlangoni, pale pale alipokuwa akisimama Chui.

"Baba, nikikaa hapa, wale wanyama watarudi?"

Komba akamfuata pale mlangoni. Akambeba mwanawe, wakapita katikati ya mabenchi. Hakuna aliyewasogezea mguu. Walihama msitu ule, na Komba hakutafsiri tena.

Ngano nimeiweka chini. Anayeitaka aiokote, asiyeitaka asiipige teke.

Na funzo lake ni hili: ukiingia banda la watu, lipa kiingilio chako kimya kimya, usiwaharibie wenzako picha.