Ini la Mbuzi wa Holo

"Mbuzi wa kipofu, ini kwa wenye macho."

Vijana walirudi na maneno hayo kutoka mkutano wa kijiji. Mama mmoja aliyasema pale iliposomwa taarifa kwamba mabati ya darasa la watoto yameezekwa kwenye nyumba ya mkubwa fulani. Watu walicheka, na vijana nao waliingia uani wakicheka, wakamwuliza bibi yao Kwandu usemi huo umetoka wapi. Bibi Kwandu hakucheka. Aliwaambia umetoka katika kaya ya marehemu dada yake, Minza, na kwamba ulizaliwa hivi.

Ilikuwa siku ambayo Holo hakuonekana mlangoni pa zizi. Holo alikuwa binti wa Minza, mtoto wa miaka mitano, na kila jioni alisimama pale na kijiti chake akiwaita mbuzi kwa majina. Jioni ile mbuzi waliingia wenyewe. Minza alimtafuta, akamkuta ameketi chini hatua chache tu kutoka mlangoni, mikono ameinyoosha mbele kama anayepapasa ukuta.

"Mama," alisema, "mbona leo giza limewahi?"

Jua lilikuwa bado halijazama.

Asubuhi aliona vizuri, akakimbizana na wenzake. Jioni akapotelewa na nuru tena. Luhende, shemeji yake Minza, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kaya, maana mume wa Minza alikuwa amehama na ng'ombe kufuata malisho. Luhende alisema mtoto anadeka, anakwepa kazi. Akamchapa fimbo mbili. Holo hakuiona fimbo ikija.

Minza alimfunga mtoto mgongoni, akatembea nusu siku hadi zahanati. Nesi alimtazama Holo macho, akauliza anakula nini.

"Michembe na karanga," alijibu Minza. Ndiyo viazi vitamu vyeupe vilivyokatwa na kukaushwa juani. "Asubuhi michembe, jioni ugali. Kiangazi hiki mboga hakuna, maziwa yamekwenda na ng'ombe."

"Anashiba?"

"Anashiba, dada. Hajawahi kulala njaa kwangu."

"Tumbo limeshiba. Macho ndiyo yenye njaa," alisema nesi. Alimweleza kwamba kuna kirutubisho kiitwacho vitamini A, kwamba mwili ukikikosa macho hutangulia kuzimika jioni, kisha hukauka kabisa, na hata homa ndogo humshinda mtoto. Matone ya vitamini hiyo yalikuwa yamekwisha pale zahanati, na mengine hayakujulikana yatakuja lini. "Usiyangoje. Una mbuzi? Mchinje, mtoto ale ini. Usimpe nyama ukadhani umempa dawa. Ini."

Minza alikuwa na mbuzi mmoja wa kwake, jike mwenye mimba, aliyepewa na mama yake alipoolewa. Hakusita. Lakini katika kaya ile mwanamke hakushika kisu cha kuchinjia, ikabidi amwombe Luhende. Alimweleza yote aliyoambiwa na nesi, akayarudia mara mbili. Luhende akaitikia, "Nimesikia, shemeji."

Wanaume walichinjia nyuma ya zizi, kama ilivyokuwa desturi. Minza akawasha moto, akaosha sufuria ndogo, akaenda na bakuli. Alikuta makaa, chumvi juu ya jani, na wazee wanne wakifuta midomo.

"Ini liko wapi, shemeji?"

"Karibu, mama Holo. Chukua paja hili, zima kabisa. Leo tumekupendelea."

"Nimeuliza ini."

Luhende akawatazama wenzake. "Ini ni la wachinjaji. Tangu lini mtoto wa kike akala ini? Unataka aote ndevu?"

Wazee wakacheka. Mmoja akaongeza, "Mwache, nesi wake amemfundisha kupika."

Minza hakulipokea paja.

"Shemeji, mimi unaniona?"

"Nakuona."

"Na huyo mzee kule mwisho?"

"Namwona. Una nini wewe?"

"Nyote hapa mnaona. Asiyeona ni yule niliyemwacha mlangoni. Mbuzi wa kipofu, ini kwa wenye macho."

Aligeuka na bakuli lake tupu.

Paja lile lililetwa jikoni baadaye, na nyama yake Holo aliila, akaifurahia. Macho hayakurudi. Kabla mvua hazijanyesha, surua ikapita kijijini. Watoto wengine waliugua wakapona. Holo naye aliugua, macho yakafunga utando, asione hata mchana, na siku ya tisa akafariki.

Msibani Luhende alisimama, akasema hiyo ni kazi ya Mungu, haina makosa. Minza aliinua uso kutoka mkekani.

"Usimsingizie Mungu, shemeji. Yeye hakula."

Hakuna aliyemnyamazisha. Wanawake waliyachukua maneno yake yote, ya zizini na ya msibani, wakayapeleka kisimani, na kutoka kisimani yakafika kila kaya. Msaada wa wanyonge ukiliwa na wenye nguvu, watu wakawa hawana haja ya hotuba ndefu.

"Basi mkiyasema, yasemeni," Bibi Kwandu aliwaambia vijana. "Lakini si kwa kucheka. Mbuzi wa kipofu, ini kwa wenye macho."

Siku hizi katika kaya ile, mnyama akichinjwa, ini hutolewa kwanza, hupelekwa jikoni likiwa bichi, na watoto wadogo hula kabla ya mtu mwingine yeyote.