Mwendo Mpya wa Farasi

Kwanza mniwie radhi. Leo nitaisimulia vibaya. Bibi aliyenipa hadithi hii aliisimulia huku akicheza, na mimi, kama mnavyoona, nimekaa. Viatu vipya vinanibana. Lawama zote mpelekeeni fundi viatu. Haya, Paukwa!

— Pakawa!

Ah! Hizo ni sauti za watu walionyimwa ubwabwa. Paukwa!

— PAKAWAAA!

Hapo zamani za kale, bondeni kando ya mto, aliishi Kuku. Jina lake Bi Chakura. Vifaranga wanane, kelele za watu ishirini! Kila mwaka, mvua ikipiga milimani, mto ulifurika bonde zima. Wanyama wote walikimbilia kilimani. Na Kuku je? Na vile vijiguu vyake kama njiti? Alipanda mgongoni kwa rafiki yake Farasi, yeye na wanane wake, wakashika singa za shingo, haooo! Kpata kpata kpata, mpaka juu.

Farasi huyo aliitwa Mshindo. Alikuwa na maringo, jamani! Akienda kunywa maji, anajitazama kwanza humo majini, anatabasamu, ndipo anywe.

Siku moja Mshindo akatokea anachechemea. Kpata, kpata, kpata... chwe! Kpata, kpata, kpata... chwe!

"Mjomba, mguu umepatwa na nini?" wakauliza Punda Milia.

"Mguu gani?" Pua juu. "Huu ni mwendo mpya. Huko mjini farasi wote wanatembea hivi. Nyie mmelala."

Lo! Kesho yake bonde zima linachechemea. Punda Milia, chwe! Bata, chwe! Twiga naye chwe, nusura ajifunge fundo! Fisi akacheka mpaka akakaa chini, maana yeye anachechemea tangu azaliwe. "Hatimaye," akasema, "nimekuwa kijana wa kisasa!"

Bi Chakura hakucheka. Chakula chake ni wadudu wanaojificha kwenye nyayo za Farasi. Akachakura unyayo wa kwanza: umezama. Wa pili: umezama. Wa tatu: umezama. Wa nne... kama kapita panzi. Akanusa. Puh! Unanuka.

Mara, huko milimani: gududududu! Mawingu meusi tii. Kuku akawahesabu wanawe. Wanane. Akawahesabu tena.

"Mshindo! Lete mguu!"

"Bi Chakura, nimeshasema, huu ni mwendo..."

"Mwendo wa usaha! Lete mguu, baba mzima!"

"Mbele ya watu?"

"Mto ukija, hawa wanangu ndio wa kwanza kubebwa na maji. Hatuna mgongo mwingine."

Mshindo akawatazama vifaranga. Wakamtazama. Akajilaza chini, bwaa!

Weh! Madaktari wakajaa. Bata akasema, "Auchovye matopeni, mimi hunisaidia sana." Twiga akasema, "Anyooshe shingo." Fisi akasema, "Ukateni. Niachieni mimi, nitautunza."

"Kimya!" akafoka Kuku. "Mmemuuliza mwenyewe panapouma?"

Akagonga kwato kwa mdomo. Ko! "Hapa?" "Hapana." Ko! "Hapa?" "Hapana." Ko! "YALAAA! Mama yanguuu!"

"Ndipo hapo."

Akachakura polepole. Kru, kru, kru. Kijiwe kidogo kama punje ya mtama kikachomoka, na usaha ukaruka, chwaaa! Wote usoni mwa Fisi. Ujana wa kisasa ukaishia hapo.

Wakauosha mguu kwa maji ya chumvi ya chemchemi ya moto. Wakaufunga kwa jani la mgomba. "Hukanyagi tope!" akaamuru Bi Chakura. Kisha akapanda juu ya mguu ule akaulalia kama yai. Siku mbili! Kuosha, kufunga, kulalia. Kuosha, kufunga, kulalia.

Siku ya tatu, GUDUDUDU! Mto huoo! Wanane mgongoni, mama yao shingoni, na Mshindo, kpata kpata kpata kpata! Miguu minne! Hakuna chwe! Nyuma yake Punda Milia bado wanachechemea, wameshazoea.

"Acheni usasa, kimbieni!" akapiga yowe Kuku.

Wakakimbia! Walipofika juu, Kuku akahesabu. Wanane.

Basi, wakubwa na wadogo, funzo ni hili: ukiumwa, sema. Na ukitaka kumtibu mwenzako, muulize kwanza panapouma. Hadithi yangu imepanda kilima, na hapo imekaa.

Mbona mnanitazama miguu?

Haya, sawa. Fundi viatu hana kosa. Ni mwiba, tangu Jumanne, na mke wangu nimemwambia ni mwendo mpya. Nani ana sindano?